Wakili aliyenipa mwanga juu ya deni la omena: nyota nne

Nauza omena kavu (dagaa wa ziwani) kwa jumla hapa soko la Kibuye, Kisumu. Mteja wangu wa Jinja, Uganda, anayetengeneza chakula cha kuku, alichukua magunia 80 kwa mkopo, shilingi 640,000 za Kenya, kisha simu ikawa haishikwi. Ana ghala hapa Kisumu. Lakini mkataba aliuandika yeye, na kuna mstari unaosema sheria za Uganda ndizo zitakazotumika. Nilishajiona nikipanda basi kwenda Jinja kila kesi ikitajwa.

Ofisi iko katikati ya mji, ghorofa ya pili. Nilikaa kwenye benchi saa moja na nusu. Wakili mwenyewe, kijana mpole, aliuweka kidole kwenye ule mstari: "Mama, hapa wamesema mkataba usomwe vipi. Hawajasema mahakama iendeshwe vipi."

Akapiga mstari katikati ya karatasi. Kushoto, Uganda: deni lipo au halipo, gunia likiwa na mchanga hasara ni ya nani, riba. Kulia, Kenya: kufungua kesi, siku za mdaiwa kujibu, mashahidi, rufaa, kukamata mali. Ukishtaki Kisumu, upande wa kulia ni wa Kisumu. Na kwa kuwa deni halijafika milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo inatosha. Sheria yake inataka hukumu ndani ya siku 60, na Kiswahili changu kinakubalika.

Nikamuuliza kuhusu muda wa kudai: uko upande gani? Hapo alikuna kichwa, na nilimpenda kwa hilo. Akasema tangu zamani mahakama zinazofuata mkondo wa Kiingereza ziliuhesabu kama utaratibu, yaani upande wa kulia, ingawa baadhi ya nchi zimeshabadilisha, kwa hiyo angetumia miaka 6 ya Kenya kwa mikataba. Gharama iko kushoto. Sheria ya Uganda huthibitishwa kortini kama jambo lolote lile, kwa mtaalamu, naye halipwi kwa samaki.

Nyota moja nimeiondoa: ada ya ushauri, 3,000, nilipewa risiti, ila 400 za fotokopi ziliingia mfukoni mwa karani bila karatasi yoyote.

Ukienda, fika kabla ya saa nne asubuhi, na ubebe mkataba wenyewe. Picha ya simu walinirudisha nayo nyumbani.