Steshenari ya kutuma maombi ya kazi, Sinza: huduma nzuri, nywila mikononi mwa watu

Ndani ya wiki mbili nimekwenda mara tatu katika steshenari moja iliyopo Sinza, Dar es Salaam, nikimsindikiza binti wa kaka yangu, aliyemaliza shahada ya uhasibu miaka mitatu iliyopita na ambaye tangu wakati huo yupo mtaani bila ajira. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa mojawapo ya kasoro nitakazozieleza ni nzito, na maduka ya aina hii yamejaa hata hivyo katika kila mtaa ulio jirani na chuo, yote yakiwa na bango lilelile: kopi, picha za pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya ajira.

Nianze na sifa, kwa sababu linastahili. Kijana aliyetuhudumia aliviangalia vyeti kwanza kabla hata hajawasha kompyuta, na papo hapo akaona kuwa jina la kati katika cheti cha kuzaliwa linatofautiana herufi moja na lile la kitambulisho cha taifa cha NIDA. “Shangazi, hili litamtoa kwenye usaili,” aliniambia, akatuelekeza kwa wakili aliye jengo la pili ili tupate hati ya kiapo ya majina na mihuri ya kuthibitisha nakala. Vilevile alituzuia tusipandishe hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe, jambo ambalo matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hulikataza waziwazi na ambalo waombaji wengi hulikosea kwa haraka tu. Ujuzi wa namna hii hauandikwi kwenye bango, lakini ndio hasa mteja anaoulipia.

Bei ni ya haki. Kujaza fomu mtandaoni ni shilingi 5,000, kuskani vyeti sita ni 3,000, na kuandikiwa barua ya maombi ni 2,000; jumla 10,000, mbali na malipo ya wakili. Barua yenyewe, hata hivyo, siisifu. Ni moja kwa wote: waliokuwa mbele yetu, mmoja mfamasia na mwingine dereva, walipewa aya zilezile za “mchapakazi na mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa”. Tulikataa, tukaandika yetu, na hawakutupunguzia bei.

Kasoro nzito ni nywila. Mteja asiye na barua pepe hufunguliwa hapohapo, na nenosiri huandikwa katika daftari la duka. Tulikuta msichana aliyekuja kuuliza kama ameitwa kwenye usaili, akaelezwa kwamba daftari la mwaka jana halionekani. Akaunti ya maombi inayofunguliwa kwa barua pepe hiyo ndiyo yenye taarifa zake zote, na kuipoteza ni sawa na kuanza upya, pengine siku ya mwisho ya kutuma maombi, wakati foleni imefika barabarani na mtandao unasuasua. Kwa duka linalojua kazi yake vizuri namna hii, huu ni uzembe usio na udhuru.

Foleni hiyo ndiyo iliyonifanya nifikirie zaidi ya bei ya kopi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na kupata waombaji zaidi ya 135,000, yaani takribani watu 85 kwa kila kiti. Tuseme kila mmoja wao alitumia shilingi 10,000 kama sisi: hiyo ni shilingi bilioni 1.35 zilizotoka zaidi kwa wazazi, kaka na mashangazi, zikaishia katika karatasi na mihuri. Bado hatujafika kwenye usaili, ambako tangazo humkumbusha msailiwa kuwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Fedha hizo zingeweza kuwa mtaji wa genge au mbolea ya shamba. Ni kweli kwamba zimeliwezesha duka hili kuwalipa vijana watatu, na hilo silidharau.

Mmoja wa watatu hao, yule aliyetuhudumia, ana shahada ya ualimu wa hisabati. Katika tafsiri za kitakwimu mtu kama yeye amehesabiwa kuwa ana kazi, na ndiyo maana viwango rasmi, kama asilimia 10.3 ya utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2014, huonekana vidogo kuliko hali anayoiona mtu akiketi saa mbili kwenye benchi lile. Taifa limemsomesha kufundisha hesabu, naye anakunja nakala za vyeti vya wenzake.

Nikiwa nasubiri nilifanya hesabu nyingine nyuma ya risiti. Binti yetu akipata kazi katika kampuni binafsi kwa mshahara wa shilingi 700,000, Bodi ya Mikopo, iliyomkopesha alipokuwa chuoni, itakata asilimia 15, yaani 105,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itapokea asilimia 20, nusu kutoka kwake na nusu kwa mwajiri, yaani 140,000. Na baada ya kuondoa mchango wake, kodi ya mapato itakuwa 42,000. Jumla ni shilingi 287,000 kila mwezi ambazo leo hazimfikii yeyote. Mkopo wake haurudi, hivyo mwanafunzi anayemfuata anazidi kutegemea bajeti ya serikali. Mfuko wa hifadhi unakosa mchangiaji kijana. Na sisi nyumbani tunamlipia nauli kwa fedha ambazo tungezitumia dukani kwa mtu mwingine. Hapo sijagusa uzoefu wa kazi wa miaka mitatu ambao hakuupata, na ambao matangazo mengi ya sekta binafsi huudai.

Siku ya tatu nilimuuliza kijana wetu kama naye hutuma maombi. Akacheka, akafungua akaunti yake mwenyewe: ameomba mara kumi na moja, alizoitwa ni mara mbili. Hujaza ya kwake usiku, wateja wakishaondoka, kwa kuwa mchana kompyuta ni ya biashara.

Ninalipatia duka hili alama saba kati ya kumi. Nendeni asubuhi, siku tatu au nne kabla ya tarehe ya mwisho, mkiwa na barua yenu wenyewe; na kabla ya kutoka pale benchini, badilisheni nywila kwa simu zenu. Sisi tulibadilisha, na kijana akafuta mstari wetu katika daftari bila kinyongo.