Folisi ya Justinian au folisi isiyo na jina?

Ukianza kukusanya sarafu za shaba za Dola ya Bizanti (Roma ya Mashariki), chukua kwanza folisi, yaani sarafu kubwa ya shaba, ya mfalme Justinian wa Kwanza ya kuanzia 538/539. Inajieleza yenyewe: upande wa nyuma M kubwa, yaani thamani ya numi 40 (numi ni sarafu ndogo ya wakati huo), kushoto ANNO, kulia mwaka wa utawala (XII ndio huo wa 538/539), chini mji ilikopigwa, CON kwa Constantinople, NIK kwa Nicomedia.

Folisi zisizo na jina la mfalme, zilizoanza enzi za John Tzimiskes (969–976), zina Kristo mahali pa mfalme, na mwaka hazina. Hupangwa kwa madaraja ya herufi. Za daraja A2 hutofautishwa kwa vidoa vya kwenye kitabu alichoshika Kristo na msalaba wa nyuma ya kichwa chake, na hivyo ndivyo hufutika mapema. Isitoshe, nyingi zilipigwa juu ya sarafu kuukuu, maandishi yakapandana. Ukitaka kusafisha, usikimbilie siki: inakula utando (tabaka la rangi linalojengeka juu ya shaba kwa miaka) na vidoa pamoja. Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa.