Nta ya nyuki kwa mishumaa ya Krismasi: uzoefu wangu

Kama unaishi Dar na unataka kutengeneza mishumaa ya Krismasi nyumbani, nunua nta ya nyuki. Ile nyeupe ya chengachenga inayouzwa kwenye mifuko isiyo na maelezo, iache. Nimetumia zote mbili hapa Tabata, na tofauti ni kubwa.

Ile nyeupe ni parafini. Niliipata kwenye duka moja Kariakoo, muuzaji akanihakikishia kwamba ni ya mishumaa. Inayeyuka upesi, haina harufu, rangi inashika vizuri. Shida ni joto letu. Parafini ziko za aina nyingi: kuna zinazoyeyuka kwenye nyuzi 46 hivi na kuna zinazovumilia hadi karibu 68. Niliyouziwa ilikuwa laini, ya kumimina kwenye glasi, si ya mshumaa wa kusimama peke yake. Desemba mchana Dar ni nyuzi 31, 32, na chumba chenye dirisha linalopigwa na jua la jioni kinapita hapo. Mishumaa ikaanza kuinama kabla hata haijawashwa. Mfukoni hapakuwa na neno lolote kuhusu aina ya nta, na hilo limeniudhi. Anayeuza malighafi ajue anachouza.

Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Yangu ilitoka Tabora, kwa mama anayeniletea asali. Kwa kilo ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya parafini, na sijutii hata shilingi. Lilikuwa bonge gumu, la njano iliyokolea, na ukilinusa unasikia asali kwa mbali. Ila usitegemee kuipata safi. Ndani kuna mabaki ya masega, hata mbawa za nyuki. Iyeyushe pamoja na maji, ichuje kwa kipande cha kanga kuukuu, uiache ipoe usiku kucha. Asubuhi nta imeelea juu na kuganda, uchafu uliosalia umejishika chini yake, unaukwangua kwa kisu. Sufuria ya kazi hii isirudi tena kwenye wali.

Kuyeyusha usiweke nta moja kwa moja kwenye moto. Weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji, jiko la gesi moto mdogo, na usiondoke hapo. Nta ikishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe, moto utaruka. Watoto wangu wanasaidia mapambo tu, jikoni hawaingii hadi nta ipoe.

Kalibu ninazopenda ni vipande vya mwanzi. Unaupasua kwa urefu, unaurudishia na kuukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ndani unapaka mafuta ya nazi kidogo sana. Nta ikipoa hunywea na kuacha kishimo katikati kando ya utambi, kwa hiyo bakiza ya kujazia. Utambi uwe wa pamba iliyosukwa na uwe mnene kuliko unavyodhani, maana nta ya nyuki ni nzito. Utambi mwembamba huchimba shimo katikati, halafu unazama na kuzimika.

Kitu kimoja nta hii haikupi ni rangi. Ni ya njano, kwa hiyo ukiitia zambarau inakuwa ya tope. Hili lilinigusa kwa sababu nilikuwa natengeneza shada la Majilio (yale majuma manne ya kungojea Krismasi, kila Dominika mshumaa mmoja zaidi), na sisi Wakatoliki tunataka mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa pinki wa Dominika ya tatu. (Shada lenyewe tumelipata kwa Waluteri: Johann Hinrich Wichern alilianzisha Hamburg mwaka 1839, kwa watoto maskini aliokuwa akiwalea.) Nimeiacha nta na njano yake, nikafunga utepe wa kitenge chini ya kila mshumaa, mbali na moto. Kwa macho yangu inapendeza kuliko rangi ya dukani.

Shada nimelizungusha kwa waya wa kufungia nondo, nikasuka matawi ya mvinje yaliyoanguka ufukweni Kigamboni. Vile vitunda vidogo vya mvinje ni pambo la bure kabisa: vioshe mchanga, vianike, vipake rangi ya dhahabu, tundika. Nyota tumetengeneza kwa ukili, na hizo zinakaa miaka. Mvinje ukikauka unawaka haraka mno, kwa hiyo ninaweka matawi mabichi kila wiki na siachi mshumaa ukiwaka chumbani pasipo mtu.

Kuhusu kuwaka: feni ikizimwa, mwali ni mtulivu na moshi ni kidogo mno. Umeme ulipokatika tulikula kwa mshumaa mmoja na ulibaki mwingi.

Baada ya wiki kadhaa mishumaa huota unga mweupe juu. Si ukungu wala si nta mbovu, ni hulka yake. Futa kwa kitambaa laini. Oda ya Krismasi ijayo nimeshaiweka kwa mama wa asali, na nimemwomba anitafutie masega ya mavuno mapya.