TAHADHARI: jenereta ya pedeli ya "wati 1000"

Jamani, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu na tangazo la jenereta ya kukanyaga: "Wati 1000! Piga pedeli saa moja, nyumba inawaka siku nzima." Video yake tamu kweli. Mama kakaa kwenye kiti, anakanyaga huku anacheka, pembeni friji linanguruma na pasi inatoa mvuke. Mimi nimeshaingia mkenge, kwa hiyo someni kabla hamjatuma hela.

Kilichonifikia ni kiti cha chuma, pedeli mbili na boksi jeusi lenye soketi. Simu ilichaji, siwezi kumsingizia. Nikachomeka pasi: pedeli zikawa nzito kama nimeshikwa miguu, taa nyekundu ikawaka, boksi likajizima. Nikampigia. Akaniambia eti sina mazoezi! Nikamwita shemeji yangu, mtu wa baiskeli kila siku. Alikanyaga mpaka fulana ikamganda mgongoni, na pasi bado baridi.

Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga saa nzima mfululizo, hutoa kama wati 75 hadi 100. Hapo bado mkanda, dainamo, betri na inveta havijala fungu lao. Hata waendesha baiskeli wa kulipwa, wale wa mashindano makubwa, wanacheza kwenye 400 hivi kwa saa hiyo. Uniti moja ya umeme ni wati 1000 kwa saa moja, yaani kwa wati 100 ukanyage saa 10 bila kushuka. Kwa taa, redio na simu, pedeli inafaa sana. Pasi hapana.

Jioni nikachukua bisibisi. Ndani ya boksi kuna betri, na ilikuja imejaa. Kumbe ndiyo maana siku ya kwanza balbu iliendelea kuwaka muda mrefu nimekaa tu, nami nikajisifu kwamba nimekanyaga vizuri.

Anauza pia tochi ya kuzungusha kwa mkono, "haihitaji betri maisha". Ile niliyopewa kama zawadi nimeifungua: betri mbili za kidonge, na mkono unazungusha gia za plastiki zinazolia krr krr. Hakuna waya hata mmoja unaotoka huko kwenda kwenye taa.

Mkitaka kununua ya mtu yeyote, mwambieni achomoe betri mbele yenu, awashe balbu kwa miguu yake, kisha aache kukanyaga. Balbu ikibaki inawaka, ondokeni.

Huyu wangu kanibloki na kabadilisha jina la akaunti mara mbili. Video ni ileile, mtaijua kwa pazia la kijani. Isimamisheni mama anapoinama kushika pasi, mtazame chini ya kiti: kuna waya mweusi unapita nyuma ya friji na kutokea nje ya picha, upande wa ukutani.