Siyo Shemeji, ni Pedi: Uzoefu Wangu wa Kucheza Untitled Goose Game Wawili kwenye Banda la PS, Arusha

"Shemeji hajazoea pedi, bro. Mwekee gemu la mpira kwanza aanze taratibu." Hayo ni maneno ya mhudumu wa banda moja la PS (PlayStation) huku Sakina, baada ya mke wangu kumwambia kwamba bata wake kwenye gemu anatembea peke yake. Mhudumu huyo pedi, yaani kile kidhibiti cha mkononi cha kuchezea gemu, hakuishika, hata kuiangalia hakuiangalia. Alicheka, akarudi kwenye simu yake. Naandika hasira haijaisha, kwa hiyo anayetaka bei ya gemu na ukubwa wa faili atafute, havikosekani.

Gemu ni Untitled Goose Game. Bata bukini mkorofi anaingia kwenye kijiji cha Kiingereza kusumbua watu: anaiba funguo za mtunza bustani, anaburuta reki hadi ziwani, anamvua mtoto miwani. Lilitoka 2019, kazi ya kikundi kidogo cha Melbourne, Australia, na Septemba 2020 wakaongeza bure namna ya kucheza watu wawili. Ni fupi, jioni moja au mbili mmelimaliza. Hakuna kufa wala pointi. Ukikamatwa unanyang'anywa ulichobeba, unafukuzwa, unajaribu tena palepale. Kwa mwenza ambaye hajawahi kushika pedi maishani, sijaona gemu linalomfaa kuliko hili. Ndiyo maana nilichukia kusikia akiambiwa akaanze na mpira.

Sasa tuje kwenye pedi yenyewe. Ilazwe mezani, mtu asiiguse, halafu muangalie skrini. Bata wa mke wangu aligeuza shingo kushoto, akaanza hatua moja moja, akapita kwenye nyasi, akaenda kujikita kwenye uzio na miguu bado inapiga. Mkono wa mtu haupo. Hiyo inaitwa drifti, na haina uhusiano wowote na mazoea ya mchezaji. Ndani ya analogi, kile kijiti cha pedi unachosukuma kwa dole gumba, kuna kijiguso kidogo kinachosugua njia ya kaboni ili pedi ijue umesukuma wapi. Njia ile ikilika, au vumbi likiingia, pedi inasoma kwamba umesukuma wakati umeachia. Na vumbi la Arusha kiangazi kila mtu analijua.

Kwa nini wao hawajaiona? Kwa sababu banda zima linacheza mpira. Kwenye mpira dole gumba halitoki kwenye analogi kuanzia dakika ya kwanza hadi ya tisini, mchezaji anakimbia muda wote, drifti inamezwa humo humo. Gemu la bata ni la kusimama. Unainamisha shingo nyuma ya kichaka, unatulia, unasubiri mzee mtunza bustani ageuke, ndipo unasogea. Funguo za mtunza bustani zinaning'inia kiunoni. Mdomo wa bata usipoelekea palepale, unabana hewa, mzee anageuka. Kamba za viatu vya yule mtoto mwenye miwani ni hivyo hivyo: shingo chini, mdomo kwenye kiatu, vuta. Pedi inayovuta kushoto haifiki hapo.

Na ukicheza wawili ubovu huo unawaangukia wote, kwa sababu skrini ni moja, haigawanywi. Kamera inajitahidi kuwaweka bata wote wawili ndani. Mmoja akijiendea zake uzioni, wa pili naye anaharibikiwa.

Tuliomba pedi nyingine. Hapo likaja la pili: ikachomekwa kwa waya, haikuunganika, tukaambiwa "hii imekufa". Haikuwa imekufa. Taa yake iliwaka rangi ya chungwa, maana yake inachaji. Pedi ya PS4 inatumia micro-USB, na nyaya nyingi za bei rahisi zinapitisha umeme tu, hazipitishi data. Badilisha waya, bonyeza kitufe cha PS, imeingia. Kisha itauliza ni mtumiaji gani. Usichague jina lile lile la pedi ya kwanza, mtumiaji mmoja hashiki pedi mbili, chagua mgeni. Mtu anayekaa na mashine hizi kutwa nzima angetakiwa kujua hilo kabla ya kumfundisha mke wa mtu kushika pedi.

Sauti nayo. TV zote zilikuwa zimezimwa sauti, spika ya ukutani inapiga muziki wa banda. Kwenye mpira haidhuru. Kwenye gemu hili piano inafuata matendo yenu: mkinyata inadonoa kidogo, mkikimbizwa inakolea. Bila kuisikia mnapoteza onyo, na nusu ya kicheko. Ombeni sauti, hata kwa kiwango cha chini.

Tulipopata pedi nzima, mambo yakabadilika kabisa. Hapa hasira inanitoka, kwa sababu mke wangu ndiye aliyemaliza kazi nyingi za bustanini kwenye orodha ya gemu. Siri ya kucheza wawili ni kugawana: mmoja analia "honk" upande wa pili na kukimbia na kitu chochote ili mzee amfuate, mwingine anafanya kazi ya kweli. Kumlowesha mzee, mmoja amvute hadi karibu na kinyunyizio, mwingine afungue bomba. Kazi ya picnic inataka vitu vinane kwenye kitambaa: sandwichi, tufaha, boga, karoti, jamu, chupa ya chai, redio na kikapu. Redio iacheni mwisho, maana ukiibeba inalia na mzee anakuja. Kazi ya kumfanya mzee avae kofia ya jua inakuja mkimvua ile aliyovaa akiwa ameinama kwenye maua; msiiache karibu, ataiokota. Wengi wanakwama kwa kuwa wote wawili wanataka kuiba kitu kile kile kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo gemu nalipatia alama zote. Banda nilikuwa nimepanga kusema msiende. Lakini TV yao ni kubwa, viti vizuri, umeme ukikatika jenereta inawashwa mara moja, na mabanda yenye gemu hili hapa mjini ni ya kutafuta. Basi nendeni, ila... hapana. Nikikumbuka kile kicheko nabadilisha tena. Kama unakwenda na mwenza, nenda na pedi yako, au usiende. Mkiwa washikaji wawili wa mpira hamtaona tatizo lolote.

Kwa mwenye banda, kama anasoma: pedi ile inatengenezeka. Skrubu nne za nyuma, fungua taratibu kwa sababu ya utepe wa waya, chomoa betri, dondoshea pombe ya isopropili pembeni ya analogi, izungushe mara nyingi, acha ikauke vizuri kabla ya kurudisha betri. Thina usitumie, inayeyusha plastiki. Kama tatizo ni vumbi, itapona. Kama kaboni imelika, itatulia siku chache tu na kurudia, hapo ni kubadilisha analogi nzima: ina miguu 14 ya kulehemu, fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri anaiweza. Kwenye kompyuta yenye Steam, ile programu ya kuchezea gemu, unaweza kuongeza eneo la katikati lisilosomwa ili drifti ndogo ifichike. Kwenye PS4 mpangilio huo haupo, kwa hiyo usimwambie mteja "zoea tu". Na kabla ya kumkabidhi mtu pedi, ilaze mezani kwanza, uangalie bata anaelekea wapi.