Shule ya urubani wa helikopta: nilivyochagua na nilichokikuta

Tangu nirudi Tanga na leseni ya urubani wa helikopta, kila anayenipigia simu kuulizia shule huanza na bei ya saa moja. Simlaumu, maana hela yenyewe inatisha. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya urubani wa biashara ni saa 150 za kuruka, au 100 ukisoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya binafsi ni saa 40. Robinson R22, chopa ya viti viwili ambayo wanafunzi wengi duniani huanzia, ni nadra kuipata na mkufunzi wake chini ya dola 300 kwa saa. Piga hesabu: saa 150 ni dola 45,000, na hapo hujalipa chumba, viza, mitihani, wala hujatia kitu tumboni. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 100. Ila hiyo bei ya saa ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu kingine chochote kwenye tangazo la shule.

Aliyenifumbua macho ni mjomba, fundi wa injini za boti pale Deep Sea, ambaye hajawahi kupanda hata kindege cha kwenda Pemba. Nilimkuta ana mikono imejaa grisi, nikamfungulia picha za shule kwenye simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hizi ngapi?"

"Shilingi?"

"Mashine, mwanangu. Wana mashine ngapi? Na fundi wao anakaa hapo hapo au anaitwa kutoka mbali?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kufuta plagi yake, akaniambia mwenye boti moja hana biashara, kwa sababu injini ikilala na yeye kalala. Basi niliondoka na maswali hayo mawili, nikawaandikia shule za Kenya, Marekani na Afrika Kusini. Utashangaa ni wangapi walionijibu kila kitu isipokuwa hayo.

Sasa nieleze kwa nini yana uzito. R22 na kaka yake mkubwa wa viti vinne, R44, zina kikomo kilichowekwa na kiwanda: saa 2,200 za kuruka au miaka 12, kinachotangulia. Ikifika hapo inafumuliwa yote, vipuri vikubwa vinabadilishwa, na gharama yake mwenye shule mdogo huikopea benki. Kwa hiyo shule yenye chopa moja iliyobakiza saa chache kufika 2,200 inaweza kukupa bei nzuri sana leo, halafu ukaishia kulipa kodi ya chumba miezi na miezi unatazama hanga limefungwa. Na mkono wa mwanafunzi husahau upesi. Ukikaa muda bila kuruka, ukirudi unarudia somo lile lile, kwa pesa yako.

Hiyo hali niliiona kwa macho katika shule moja niliyoitembelea kabla ya kulipa. Jina na nchi naviacha. Kwenye matangazo walikuwa na chopa mbili nyeupe, zinang'aa. Nilipofika nikaomba kuona karakana, dada wa mapokezi akanizungusha kidogo, mwisho akaniruhusu. Moja ilikuwepo kweli. Ya pili ilikuwa imetolewa mapanga yote mawili, yamelazwa ukutani juu ya magodoro ya sponji, na vumbi kwenye kioo lilikuwa limekaa kiasi kwamba mtu alikwisha andika jina lake kwa kidole. Nikamwuliza kijana mmoja aliyekuwa anasoma ramani kivulini ameruka lini mara ya mwisho. Akacheka tu. Nikashukuru, nikarudi kituo cha basi.

Jambo la pili ni kulipa ada yote mbele. Shule nyingi zitakupa punguzo tamu ukifanya hivyo. Huko Marekani kulikuwa na shule kubwa ya helikopta, Silver State Helicopters ya Nevada, yenye matawi majimbo mengi. Februari 2008 ilifunga milango ghafla na kuomba kufilisika, na wanafunzi wengi walikuwa wamekopa karibu dola 70,000 kila mmoja kwa kozi ambayo hawakuimaliza. Kama iliwakuta wao kwenye nchi yenye mahakama na benki za kila namna, wewe uliyeuza shamba la michungwa Muheza utamshika nani shati? Mimi nililipa kwa vifungu, kila kifungu saa chache, na mkataba ukasema hela isiyorukwa inarudishwa. Shule iliyokataa masharti hayo niliiacha hapo hapo.

Marekani kwenyewe niliitamani sana. Machopa ni mengi, wakufunzi ni wengi. Lakini mgeni anapitia ukaguzi wa TSA, idara yao ya usalama wa usafiri, kabla ya kuanza kuruka, na viza ya M-1 ambayo wanafunzi wa urubani wengi hupewa inabana mno kwenye kazi. Hilo ni zito, kwa sababu huko rubani mpya hujiongezea saa kwa kufundisha, na kufundisha kwenye R22 chini ya kanuni za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kunataka uwe na saa 200 za helikopta, 50 kati yake kwenye R22 yenyewe. Ukirudishwa nyumbani na saa zako 150, umebaki katikati ya mto.

Nairobi ni karibu, unavuka mpaka wa Horohoro tu. Ila uwanja wa ndege wa Wilson uko futi 5,500 hivi juu ya bahari, na hewa nyepesi ya juu huipunguzia injini nguvu na mapanga mshiko. Kuna wanaosema ukijifunza juu utakuwa hodari zaidi, na wana hoja. Mimi niliona kwa mwanafunzi anayelipia kila dakika, ni afadhali ajifunze kwanza mahali mashine ina nguvu ya akiba, milima ije baadaye.

Nikaishia pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, joto na unyevu kama wa kwetu Tanga. Jina la shule silitaji hata kwa sifa, kwa sababu ubora wa shule ndogo kama hizi umebebwa na watu wawili, mkufunzi mkuu na fundi mkuu, na wakihama wao unabaki ubao wa jina. Walikuwa na R22 tatu na R44 moja, fundi wao yupo hapo hapo asubuhi hadi jioni, na nilipoomba kuona vitabu vya kumbukumbu za mashine nilivutiwa kiti nikaachwa nisome.

Ufundishaji ndio uliostahili pesa yangu. Siku ya kwanza ya kusimama hewani, mkufunzi hakunipa chopa nzima. Alinipa pedali peke yake, yeye akashika mengine. Kazi yangu ilikuwa kuielekeza pua kwenye mti mmoja isiuache. Kisha akachukua pedali akanipa kolektivu, wenzo wa mkono wa kushoto, nishike kimo. Mwisho saikliki, wenzo unaosimama katikati ya viti viwili, na hapo ndipo chopa ilipoanza kuyumba kama mtoto wa ng'ombe aliyezaliwa leo. Mkono wake ulikuwa nusu shubiri kutoka kwenye wenzo wangu, lakini hakugusa mpaka ilipobidi kweli. Huyo ndiye mkufunzi. Wapo wanaonyang'anya kila ukitetemeka, na saa inakwenda.

Halafu ile ya kuzimikiwa injini. Anafunga gesi bila kukuambia. Mapanga ya R22 ni mepesi, mzunguko unaporomoka mara moja, honi inalia, na mkono wa kushoto unatakiwa uwe umeshashuka kabla akili haijauliza kuna nini. Ukishusha upesi, hewa inayopanda ndiyo inayozungusha mapanga na unashuka ukiwa na usukani. Ukichelewa hakuna nafasi ya pili. FAA iliweka mwaka 1995 kanuni maalumu ya mafunzo ya R22 na R44, inaitwa SFAR 73, baada ya ajali nyingi za mzunguko wa mapanga kushuka na za kitovu cha mapanga kugonga mhimili wake. Shule yangu haikuwa chini ya FAA, lakini masomo hayo waliyafundisha kabla sijaruhusiwa kuruka peke yangu. Waulize hilo shule unayoifikiria. Wakikutolea macho, aga.

Mama yangu habari za ada hazikumshughulisha. Yeye alikuwa na Oktoba 2015 kichwani, chopa ilipoanguka Selous wakati wa kampeni na kumuua Deo Filikunjombe, aliyekuwa mbunge wa Ludewa, na wenzake. Kila nikipiga simu: "Mvua huko? Usiruke na mvua, mwanangu." Nilikuwa namjibu kweli kwamba siruki, kwa sababu shule ilikuwa inafuta safari mawingu yakishuka hata kama wanafunzi tumeshavaa na kupiga mguu chini kwa hasira. Wenzangu waliiona kasoro. Mimi naihesabu alama ya juu kuliko zote.

Uzito nao usisahau kuuliza. Kiti cha R22 kinabeba mwisho kilo 109, pamoja na mzigo ulio chini yake, na jumla ya mashine, mafuta na watu ina kikomo chake. Mwenzetu mmoja mwenye mwili alipimwa baada ya kulipa, akahamishiwa R44, ambayo saa yake ni ghali zaidi sana. Shule ilipaswa kumpima kwanza, na nilimwambia meneja hivyo. Vilevile kapimwe afya daraja la kwanza na daktari aliyeidhinishwa kabla ya kutuma hata senti. Macho au moyo vikikukatalia, ni bora ujue ukiwa bado Chumbageni.

Mafunzo ya milimani tulifanyia Drakensberg, na hapo ndipo nilipoelewa hewa nyepesi ni nini: mkono unavuta kolektivu, chopa inakutazama tu. Saa zenyewe zilikuwa chache kwa maoni yangu. Anayewaza kazi za Kilimanjaro aombe za ziada tangu kwenye mkataba.

Nikiwapa alama, nne kwa tano. Moja nawanyima kwa mambo mawili. Maelezo ya darasani kabla na baada ya kuruka walikuwa wanayatoza kando, na hilo halikuwemo kwenye bei waliyonitumia. La pili ni malazi: hosteli yao iko mbali na uwanja, daladala za huko hazifiki, na kila asubuhi ni teksi. Ukienda, tafuta chumba kwa wenyeji karibu na uwanja kabla hujafika. Leseni yangu sasa iko TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, kwa kubadilishwa kuwa ya Tanzania, kwa hiyo maswali ya upande huo mniwekee kwanza.