Gemu la mbio za saa 24: gari zuri, usiku mzuri, ila kubadilishana dereva kumetutia hasira (uzoefu wangu)

Nianze na hili kabisa ili mtu asije kusema hakuambiwa, kama unanunua hili gemu ili ucheze na wenzako mbio ndefu za kupokezana, usinunue. Jina nalihifadhi kwa sasa kwa sababu malalamiko yetu bado yako kwao na sitaki wapate kisingizio, ila wanaocheza hizi mbio za saa 6, saa 12 na saa 24 za magari ya Hypercar (yale ya kasi kuliko yote) na LMGT3 (yaliyotokana na magari ya barabarani) wanajua ni magemu ya aina gani, ya usukani na pedali, ukikosea breki kidogo tu uko kwenye kokoto. Mambo ya kompyuta inatakiwa iwe na nguvu kiasi gani utayasoma mwenyewe kwenye ukurasa wao. Mi naongelea kilichotupata piti, pale gari linaposimama kuwekwa mafuta na tairi na kubadilisha dereva.

Tuko watatu. Mi niko Dar, mmoja yuko Mombasa, wa tatu ni binamu yangu yuko Muscat. Miezi kadhaa nyuma watengenezaji wenyewe wa gemu wakatangaza Le Mans ya mtandaoni, yaani mfano wa zile mbio maarufu za Ufaransa, saa 24 kamili kwa muda halisi, siyo ile ya kufupisha ambapo usiku unapita kwa dakika tano. Tukajiandikisha LMGT3 na Porsche 911 GT3 R, kwa sababu ndo gari ambalo wote watatu tunalimudu. Kuanza ni saa kumi jioni ya Ufaransa kama zile mbio halisi za mwezi wa sita, kwa hiyo kwetu saa kumi na moja, kwa binamu saa kumi na mbili. Nikajaza umeme wa kutosha, nikaazima inverter na betri za jirani isije Tanesco ikatuaibisha, intaneti nikalipia kifurushi kikubwa cha faiba. Wa Mombasa akabadilisha zamu kazini. Yaani tulijipanga kama watu wenye timu kweli.

Sasa kwa asiyefuatilia hizi mbio, kubadilishana dereva ndo mbio zenyewe. Le Mans halisi gari moja lina madereva watatu, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6 zozote, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla. Na gemu limeiweka hiyo kanuni vilevile. Kwa hiyo siyo kwamba unaweza kusema aah kupokezana kuna matatizo acha niendeshe tu mwenyewe mpaka asubuhi. Huwezi. Lazima gari liingie piti, lazima mtu atoke, lazima mwingine aingie. Ukitengeneza gemu la mbio hizi, hicho ndo kitu cha kwanza kufanya kazi kabla hujashughulika na taa na matone ya mvua kwenye kioo.

Ilikuwa kama saa tisa usiku kwetu. Tulikuwa wa sita kwenye kundi letu, gari halina hata mkwaruzo, mi nimemaliza zamu yangu naingia piti kumwachia wa Mombasa. Mafuta yakaingia, tairi nne mpya zikafungwa, gari likashushwa chini, kwangu imeandika kabisa dereva mpya yuko tayari. Namsikiliza kwenye sauti ya gemu, hiyohiyo ya ndani ya gemu, kimya. Af akasema:

"Ndugu yangu, gari silioni. Ni kiza kitupu hapa."

"Bonyeza tena."

"Nishabonyeza. Injini naisikia, usukani watetemeka mkononi, lakini kiooni hamna kitu."

Injini anaisikia. Usukani unatetemeka. Saa za mbio zinasogea kwenye kona ya kioo chake, anaziona, anatusomea nani amepita na nani ameingia piti, anazungumza na sisi vizuri kuliko simu. Gari tu ndo halioni. Na mi siwezi kurudi ndani, kwa sababu gemu linasema dereva yuko, wala binamu hawezi kuingia kwa sababu hiyohiyo. Hamna kitufe cha kusema jamani mrudisheni yule wa kwanza. Tukakaa tunaangalia wa saba anapita, wa nane anapita, gari limewaka taa pale piti na mafundi wameshajitenga pembeni. Tukawaandikia wasimamizi wa mbio, hamna aliyejibu. Baada ya muda gemu lenyewe likatuondoa na kwenye matokeo likaandika timu imejitoa.

Imejitoa! Binamu yangu alikuwa amelala mapema makusudi aamke saa kumi za usiku wake aendeshe mpaka jua litoke. Hajagusa usukani.

Lakini hilo ningelimeza, kweli. Kilichonichoma ni majibu ya huduma kwa wateja. Tumewatumia video nzima, inaonyesha mwenzetu hajakatika hata sekunde, sauti yake iko, muda wa mbio unasogea. Wakajibu kwamba tatizo ni intaneti yetu, na kwamba wanashauri timu zenye madereva walio mbali na seva zao wasishiriki mbio za kupokezana. Hivo tu. Hakuna pole, hakuna tumeiangalia video. Tukauliza kwa adabu, kama ni intaneti mbona anaongea na sisi, wakafunga malalamiko bila kujibu. Wakati wa kununua hawakutuuliza tuko mbali kiasi gani. Hela ya Dar na ya Mombasa ilifika bila kuchelewa.

Af kuna wachezaji wenzetu wakaja na ule msemo kwamba ndo mbio ndefu zilivyo, gari linaweza kukufia wakati wowote, vumilia. Hapana. Mi nakataa na nitaendelea kukataa. Mwaka 2016 Toyota walikuwa wanaongoza Le Mans, zimebaki dakika chache kabisa, dereva wao Kazuki Nakajima akawaambia kwenye redio kwamba gari halina nguvu, likasimama palepale mbele ya ukuta wa piti, Porsche wakapita wakachukua ushindi. Nilikuwa naangalia na nilitamani kulia. Lakini Toyota walirudi wakalichunguza lile gari, wakasema wazi kilichoharibika, kiungio kwenye bomba la hewa kati ya turbo na kipoozeo. Kitu kina jina. Mwaka 2018 Nakajima huyohuyo akashinda, pamoja na Buemi na Alonso, na Toyota wakabeba tano mfululizo mpaka 2022. Hiyo ndo mbio ndefu, kinavunjika, mnakitafuta, mnakiri, mnatengeneza. Sisi gari letu halikuvunjika kitu, na aliyevunja hakukiri.

Na haya ya seva siyo kwamba yanatupata sisi wa huku tu. Januari 2023 kwenye ile Le Mans ya kompyuta ambayo dunia nzima ilikuwa inaangalia, mbio zilisimamishwa kwa matatizo ya seva, Max Verstappen, bingwa wa Formula 1 wakati ule, akakatika akiwa anaongoza, akakasirika mbele ya kamera na akaachana nazo. Huyo yuko Ulaya, ana intaneti ya kila aina. Naye tumwambie yuko mbali?

Haya, sasa niseme na lingine maana nisiposema nitakuwa naonea. Kuendesha kwenyewe hili gemu ni hatari. Sijawahi kukaa kwenye kitu kinachokufanya uzihisi tairi namna hii. Ukitoka piti tairi ni baridi, na baridi kweli, unatembea juu ya sabuni mpaka zipate joto, ukikanyaga mafuta kwa papara Porsche inakugeuza matako mbele. Kuna watu wanalalamika eti wamezidisha. Hawajazidisha. WEC, yaani ubingwa wa dunia wa mbio ndefu, walipopiga marufuku vifaa vya kupashia tairi joto 2023, pale Spa, Ubelgiji, magari ya Ferrari na Toyota yenye madereva wa kiwango cha juu kabisa yaligongwa ukutani kwa tairi baridi, mpaka Le Mans ya mwaka ule ikabidi vifaa viruhusiwe kwa muda. Sasa we na mi ni nani.

Na usiku wake. Ile barabara ya moja kwa moja ya Mulsanne siku nyingine zote ni barabara ya kawaida inapita magari na malori ya watu, na gemu limeiweka hivo, lami imeinama pembeni, usukani unakuvuta ukihama upande. Giza tupu, unaona taa zako tu na vibao vya kuhesabia breki. Nyuma inakuja Hypercar inakuwashia taa, unaamua kama unamwachia kabla ya kona ya pili ya kupunguzia mwendo, zile walizoongeza 1990, au unashika mstari wako azunguke yeye. Uamuzi wa nusu sekunde na unaufanya tena na tena usiku kucha. Mvua nayo haiji kote kwa pamoja, mzunguko mmoja una kilomita 13.6 kwa hiyo unaweza kukuta kona ya Indianapolis inamwagika maji na kona ya Tertre Rouge ni kavu, unabaki kubishana na wenzako tuweke tairi za mvua au tusubiri. Ule ubishi wa sisi watatu, mmoja anaendesha wengine wanamsomea hali ya hewa, sijaupata kwenye gemu lingine lolote. Ndo maana imeniuma. Lingekuwa gemu bovu ningelifuta nikalala.

Upande wa madereva wa kompyuta wako kawaida, usiku wanakuwa wazubavu kidogo, ukicheza peke yako hutachoka haraka lakini baada ya muda utawazoea. Adhabu za sehemu za kilomita 80 kwa saa wakati kuna ajali ziko kali sana, ukizidisha kidogo tu unaitwa. Mi naona sawa, ndo sheria.

Basi nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo, nimeweka nyota moja, nikasema ngoja nipitie orodha ya mabadiliko ya apdeti yao ya karibuni nisije nikasema kitu kilichopitwa. Katikati ya orodha ndefu ya rangi za magari na sauti za injini kuna mstari mmoja: wamerekebisha hitilafu adimu ya kioo kubaki cheusi wakati dereva anapobadilishwa. Nimeusoma nikasimama. Kwa hiyo ilikuwepo. Ilikuwa kwao, siyo kwenye faiba yangu wala kwenye nyumba ya mtu Mombasa. Walijua, wakaitafuta, inawezekana hata video yetu ndo iliwasaidia, af barua yetu wakaiacha imefungwa vilevile na jibu lao la intaneti juu.

Tulijaribu saa 6 za Spa wikiendi iliyofuata, kwa hasira tu. Binamu kaanza, mi nikapokea, wa Mombasa akamaliza. Kila mara kioo kimefunguka, gari hilo hapo. Wa Mombasa alivyoona usukani na vidole vya dereva mbele yake alipiga kelele mpaka akaamsha watu nyumbani kwake. Tukamaliza, tena vizuri.

Kwa hiyo lile nililoanza nalo kuhusu kupokezana nalibadilisha, linafanya kazi sasa, kama unataka nunua, gari liko vizuri kinoma na mkiwa watatu mnaoelewana hamtalala. Nyota nne kwa gemu. Lakini kwa wale watu wa huduma hata moja siwapi, na kwa kuwa ukurasa hauniruhusu kugawa, naweka mbili. Leo asubuhi nimewaandikia tena, nimewabandikia mstari wao wenyewe wa apdeti, nimewaomba vitu viwili tu, watuandikie kwamba lilikuwa tatizo lao, na pale kwenye matokeo ya Le Mans wafute hiyo imejitoa waandike kilichotokea. Wakifanya hivo narudi hapa naweka nne siku hiyohiyo.